Uzi wa Nane

Madam Kemuma hakuwaruhusu wanafunzi wake kufungua kamusi. Alisema neno la kigeni lisilo na kitu cha kushikilia huteleza kama sabuni. Kwa hiyo kila Jumamosi aliwatoa Migori, wote tisa, akawapeleka Homa Bay, kwenye jumba dogo la sanaa lililojengwa kwa pesa za wafadhili wa Ufaransa. Sheria ilikuwa moja. Unasimama mbele ya kitu, unasoma kadi yake, unakitaja kwa sauti, na hubanduki hapo mpaka uweze kukitaja umefumba macho. Kigoda, le tabouret. Ngozi, la peau. Uzi, la corde.

Robi, msichana wa Ntimaru, aliyameza maneno hayo kama mtu aliyeshinda na njaa. Diploma yake ya utalii ilikuwa imelala miaka miwili ndani ya bahasha bila kumpa hata siku moja ya kazi, na jumba lilikuwa linatafuta mwongoza wageni anayejua Kifaransa. Mmoja tu. Angechaguliwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, siku ambayo wafadhili wangekuja kutembezwa. Risper wa Ndhiwa, wa pili darasani, alikuwa ameshakata tamaa na kuigeuza kuwa utani.

"Nyamera, dada yangu," alimwambia, "ukishaingia hapo usijifanye hunijui. Tumegawana andazi moja mimi na wewe."

Chumba cha nyuma, cha ala za muziki, kilifunguliwa wiki ya sita. Robi aliingia wa kwanza, daftari mkononi, na akakikuta kinubi cha babu yake nyuma ya kioo.

Hakuhitaji kuambiwa. Iritungu, vinubi vya Wakuria, ni nyingi, lakini ni moja tu iliyofungwa mkono wake wa kushoto kwa ukanda wa bluu wa mkoba wa shule. Ukanda huo aliukata yeye mwenyewe akiwa darasa la tano, siku mti wa mkono huo ulipopasuka, na mama yake akamchapa kwa ajili ya mkoba. Alisogea akasoma kadi. Lyre kuria. Auteur inconnu. Don. Il manque une corde. Wiki sita nyuma angepita tu. Sasa kila neno lilimfungukia. Kinubi cha Wakuria. Aliyekitengeneza hajulikani. Zawadi. Uzi mmoja haupo.

"Taja, Robi," Madam Kemuma alisema nyuma yake.

Alitaja. Akafumba macho, akataja tena.

Asiyejulikana huyo aliitwa Ryoba, alikuwa na miaka themanini na minne, na alikuwa hai, nyumbani Ntimaru, akikohoa. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuja kwake kijana mmoja msomi aitwaye Motari, akanywa uji, akasifu muziki, akaomba kinubi kwa maonyesho ya wiki mbili. Mzee hakukataa. Lakini kwa wapiga iritungu wa ukoo wake kitu cha kuazima hakitoki kizima. Kabla ya kukikabidhi alifungua uzi wa nane, ule mwembamba, akauviringa, akautia kwenye mkebe wa tumbaku. Anayechukua anaondoka na saba, mwenye mali anabaki na mmoja, na hakuna asiyejua maana yake. Ila Motari. Yeye aliondoka akidhani mzee ametoa uzi uliochakaa.

Na sasa Motari alikuwa Daktari Motari, mkurugenzi wa jumba. Robi alimfuata ofisini. Daktari hakukasirika; alimkumbuka mzee, akaukumbuka hata uji. Alieleza kwa upole kwamba watu wengi huja kudai vitu vikishakuwa nyuma ya kioo, na kwamba mzee alimpa kinubi kwa mikono miwili, mbele ya watu. Kama kiliazimwa, karatasi iko wapi?

"Karatasi yetu ni uzi," Robi alisema.

"Basi ulete," Daktari alisema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Babu hakushangaa alipoelezwa. Aliutoa mkebe chini ya mto, maana ndipo ulipolala miaka yote kumi na miwili. Alisema hataki fidia wala jina lake kwenye kadi. Anataka kukipiga mara moja zaidi kabla kifua hakijamaliza kazi yake. Kisha akaushika mkono wa mjukuu wake.

"Usiuachie huu mpaka kinubi kiwe mkononi mwako mwingine. Umenisikia?"

Alikuwa amesikia.

Jumamosi ile wageni walikuwa sita. Robi aliwatembeza, na hata Risper alikiri baadaye kwamba ilikuwa kama kumsikiliza mtu akiimba. Kwenye kinubi akasimama. Neno alilolihitaji hakulipata jumbani humo; kila kadi iliandikwa don, zawadi, hakuna hata moja iliyotaja kuazimwa. Alikuwa amemwomba Madam Kemuma pembeni, na Madam akampa akitazama kando. Sasa Robi alilitamka. Un prêt, kitu cha kuazima. Alisema mtengenezaji anajulikana, ni babu yake, na hakutoa zawadi. Akaeleza desturi ya uzi wa nane. Akafungua mkebe.

Kisha mama mmoja mzee wa Kifaransa akafuta machozi, akakunjua kiganja mbele yake, akiomba kuugusa tu.

Ungefanyaje? Mwenzako analia. Umekuzwa kumheshimu mgeni, umefundishwa diploma nzima kumheshimu mgeni. Robi akauweka uzi kwenye kiganja kile. Mama akampa mumewe, mume akampa jirani yake, ukapita mikononi kama kitoto kichanga, na mkono wa mwisho ulikuwa wa Daktari Motari. Wageni wakapiga makofi. Daktari akasema jambo kwa Kifaransa chake cha haraka, makofi yakazidi, na fundi wa jumba akaja na glavu nyeupe na ufunguo wa kioo.

"Daktari, nirudishie uzi," Robi alisema kwa Kiswahili.

"Tutaongea ofisini," alijibu, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

Robi aliwageukia wageni. Alitaka kuwaambia wao ndio wamwambie arudishe. Alilitafuta neno hilo la kurudisha, akipita kichwani kadi moja baada ya nyingine, chumba kwa chumba. Jumba lile halikuwa nalo. Fundi alikuwa ameshafunga uzi wa nane na alikuwa akiukaza taratibu. Ulilia mara moja, mwembamba, kisha kioo kikafungwa.

Ofisini Daktari alikuwa mchangamfu. Alisema wafadhili wameguswa sana, kwamba kadi itaandikwa upya na jina la mzee litakuwapo, na chini yake maneno haya: uzi wa nane, zawadi ya familia. Robi alisema familia haijatoa zawadi. Daktari akamkumbusha kwamba ameutoa mwenyewe, mbele ya watu sita na kamera mbili. Kisha akamsukumia barua. Kazi ni yake, kuanzia Jumatatu. Hadithi ile ya uzi, alisema, aisimulie vilevile kila mara, asipunguze kitu.

Alifika Ntimaru kesho yake adhuhuri. Babu alikuwa ameketi mlangoni, amekata kucha za mikono yote miwili, tayari kwa kupiga. Alimtazama mjukuu wake mikononi, akaona mkoba tu.

Robi alimweleza yote, pamoja na makofi. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Wamekupa nini?"

"Kazi, Babu."

"Basi sasa kimetoka kizima."

Robi aliutoa mkebe mtupu na kuuweka magotini pa mzee. Babu aliufungua, akachungulia ndani kana kwamba hakumwamini, akaufunga. Kisha akamrudishia.

"Mkebe huu nao wapelekee," alisema. "Wataandika kwamba umepungukiwa na uzi."