Saa Tisa, Hali Shwari

Wajukuu zangu nimewatungia kitendawili, na sasa mtaa mzima unakijua: ana magodoro mia tatu, lakini anasinzia wima. Jibu ni baba yao.

Baba yao ni mwanangu wa pili. Walinzi wenzake wanamwita Komeo, kwa sababu hafungui geti bila karatasi, uwe nani, uje na gari gani. Analinda ghala la magodoro, zamu ya mchana, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kampuni ya ulinzi ilimpa sare, kofia, filimbi na rungu, halafu miezi mitatu ikawa inamkata mshahara kulipia sare, kofia, filimbi na rungu. Mshahara wenyewe ni wa kupita tu, ukiingia huku unatokea kule. Na siku usiposimama getini, hiyo siku hulipwi, hata kama umelala hoi kitandani.

"Mume wangu," mkwe wangu humtania, "hata siku moja basi urudi na godoro!"

"Narudi na harufu yake. Ninuse, ulale."

Basi wanacheka, na mimi nacheka nao.

Sasa, pale getini kuna daftari. Kila ukurasa ni siku moja. Mlinzi anatakiwa kila saa aandike saa na hali ilivyo. Chini ya ukurasa kuna kisanduku cha msimamizi, yule anayezunguka na pikipiki kukagua malindo. Hilo daftari ndilo kampuni inaloliamini kuliko macho ya mtu. Lakini kalamu ni moja, imefungwa kwa uzi kwenye meza, inatumika zamu zote mbili, na wino wake una visirani. Kuna asubuhi inaandika, kuna asubuhi inakwaruza tu. Kwa hiyo mwanangu alikuwa na desturi: ikikubali kuandika, anaandika siku nzima papo hapo. Saa moja, hali shwari. Saa mbili, hali shwari. Anateremka hivyo hivyo mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha anaiacha kalamu ipumzike. Walinzi wote wanafanya hivyo. Mimi sikujua, la sivyo ningemfinya sikio pamoja na ndevu zake.

Jumapili moja, saa tisa mchana kasoro dakika tano, ghala limefungwa, barabara imenyamaza, likaja gari dogo la mizigo na wanaume watatu. Mmoja akashuka na karatasi mkononi, anatabasamu meno yote.

"Mkubwa, tumekuja kuchukua mzigo wa bosi. Magodoro arobaini."

Komeo akaisoma karatasi juu mpaka chini. "Haina muhuri."

"Muhuri umeisha wino, si unajua Jumapili."

"Basi subirini Jumatatu, wino utakuwa umerudi."

Yule mtu akaacha kutabasamu. Mwenzake akatoa nondo chini ya kiti. Mwanangu anasema alikuwa na nafasi ya kufanya kitu kimoja tu, kuinua rungu au kupuliza filimbi, na lile rungu la kampuni ni jepesi kama mwiko wa uji. Akapuliza. Nondo ikashuka, akaikinga kwa mkono wa kulia, akasikia kitu kimevunjika, na bado anapuliza. Akapuliza mpaka fundi wa matairi wa ng'ambo ya barabara akatoka na spana, na mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo akaja na beseni la maji ya sabuni akawamwagia usoni. Wale watu walirukia gari, wakaondoka mlango mmoja ukiwa wazi. Hawakuchukua hata mto.

Saa kumi, wakati daftari bado linasema hali shwari, mwanangu alikuwa kwenye benchi la zahanati anasaga meno.

Mfupa ulikuwa umevunjika pawili. Akafungwa plasta kutoka juu ya kiwiko mpaka vidoleni, akaambiwa wiki sita asiguse kazi. Wiki sita! Hapo ndipo kicheko kilipokauka nyumbani. Matibabu tulikopa kwa fundi wa matairi huyo huyo. Bila fidia ya kampuni, wiki sita zile kodi ya nyumba ingetoka wapi? Mkwe wangu alikuwa keshaanza kukunja nguo za watoto, kimya kimya, tayari kuhamia kwangu kwenye chumba kimoja.

Jumatano nikamsindikiza ofisini. Yeye hawezi hata kufunga vifungo vya shati, na mke wake alikuwa kibaruani. Meneja ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, mpole, ana tai iliyombana. Alitukaribisha viti, akafungua daftari, akaligeuza upande wetu.

"Pole sana, mama. Lakini angalia mwenyewe. Jumapili, saa tisa, hali shwari. Saa kumi, hali shwari. Saa kumi na mbili, hali shwari. Mwandiko wake."

"Ni wangu, bosi," mwanangu akasema, kichwa chini. "Niliandika asubuhi. Kalamu..."

"Sisemi hukuumia. Bima ndio watakaosema hukuumia kazini. Wale wanasoma daftari, hawasomi mkono. Fomu yako nikiipeleka hivi, inarudi kabla haijafika."

"Na mashahidi?" nikauliza. "Fundi yupo, mama wa beseni yupo."

"Mama, mashahidi wanakuja baada ya daftari."

Mwanangu akaanza kuinuka. Ni mtu wa kuvunjika moyo haraka akiwa mbele ya meza, ingawa mbele ya nondo hatetereki. Nikamvuta shati.

"Kaa. Sijamaliza kusoma."

Shule niliishia darasa la saba, na kusoma kwangu ni kwa kidole na kwa sauti. Nikaanzia juu. Saa moja, hali shwari. Saa mbili, hali shwari. Meneja akaangalia saa yake. Saa tatu. Akaangalia dirisha. Sikuruka mstari hata mmoja, nikafika chini kwenye kisanduku, kidole kikasimama.

"Msimamizi. Nimefika lindoni saa tisa kamili. Mlinzi yupo, hali shwari. Halafu sahihi, hii yenye mkia mrefu."

Chini ya meza mwanangu akanikanyaga mguu, hataki msimamizi aponzwe.

"Ondoa kiatu chako, mwanangu, nina kidonda cha kidole," nikamwambia kwa sauti. Kisha nikamgeukia meneja. "Baba, kitendawili."

Yule kijana akashtuka. Lakini mtu aliyelelewa na bibi hawezi kujizuia. Ulimi ukamtoka wenyewe: "Tega."

"Wanaume wawili walikuwa kwenye geti moja, wakati ule ule mmoja. Mmoja akavunjwa mkono, wa pili akaandika hali shwari. Huyo wa pili ni nani?"

Meneja akavuta daftari kwake. Akasoma kisanduku. Akafunua nyuma, Jumamosi: saa tisa kamili, hali shwari. Ijumaa: saa tisa kamili. Akafunua mbele, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa tupu, maana daftari lilikuwa limeletwa ofisini tangu Jumapili usiku. Akainua simu. Baada ya muda msimamizi akaingia, kofia ya pikipiki kwapani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Jumapili saa tisa ulikuwa wapi?" meneja akamuuliza.

Msimamizi akatuangalia, akaangalia plasta, akaangalia daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alijaribu uongo, nikamwona anautafuna, ukamshinda kumeza.

"Nyumbani, bosi. Nasaini kila Jumatatu asubuhi, wiki nzima kabla haijafika. Malindo ni kumi na tisa, na mafuta mnayonipa yanafika malindo manne."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Mkaniambia nipunguze mwendo."

Mwanangu akacheka, puu! Akajifunika mdomo kwa plasta, ikamgonga pua. Hata msimamizi akaanza kutikisika mabega. Meneja peke yake ndiye aliyekuwa hacheki, na jasho limemtoka chini ya tai.

"Haya, hujajibu," nikamkumbusha. "Hilo daftari likiwa la kweli, andika kwenye fomu kwamba msimamizi wako alisimama hapo anatazama mtu anapigwa nondo. Likiwa la uongo, basi ni la uongo juu mpaka chini, na tuwasikilize waliokuwepo. Chagua. Ukishindwa, nipe mji."

"Nimeshindwa, mama. Chukua mji wowote."

"Mji nitauweka wapi na kazi za nyumbani zimenishinda? Nipe sahihi."

Akazungusha kalamu. Kisha akavuta karatasi nyeupe. Msimamizi akaandika kwa mkono wake kwamba Jumapili hakufika, na kwamba daftari la lindo lile hujazwa mapema kwa sababu ya upungufu wa vitendea kazi. Mchana ule akampakia fundi wa matairi kwenye pikipiki, akarudi tena kumchukua mama wa beseni, naye akaja amevaa nguo ya harusi kwa ajili ya kutoa ushahidi. Meneja akasaini fomu. Matibabu yote, na mshahara wa wiki sita. Mshahara ule ule mdogo, hatukuongezewa hata senti, lakini saa kumi jioni mkwe wangu alizirudisha nguo za watoto kabatini, anazipiga piga kana kwamba ndizo zilizokosa.

"Na wewe," akamwambia mumewe, "ukirudi kazini utanunua kalamu yako."

"Nitakatwa mshahara?"

"Utakatwa na mimi!"

Nilidhani yameisha. Jumapili iliyofuata, asubuhi, nafungua mlango nimwage maji, nakuta walinzi wanne wamekaa kwenye ngazi zangu, kwa mstari, kofia magotini. Msimamizi ndiye aliyewaelekeza. Mmoja alikatwa pesa za buti ambazo hajawahi kupewa, mwingine ameng'atwa na mbwa wa lindo. Wa kwanza alikuwa na mkataba wa kurasa mbili, umekunjwa mpaka umetoboka kwenye mikunjo.

"Shikamoo, mama. Tumeambiwa unasoma mpaka chini."

"Marahaba. Sogea hapa penye mwanga," nikamwambia, nikaweka ndoo chini, na kidole nikakiweka kwenye mstari wa kwanza.