Tumbo la Tamsin

Ukiogopa korongo la mlimani mbele ya marafiki zako, wanalipachika jina lako, na jina hilo halifutiki mpaka ulishuke mwenyewe kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, kutoka ukingoni hadi mdomoni. Ndiyo sheria ya wale watu wa Jindabyne, mji wa milimani huko kusini mwa dunia, wanaopanda milima kwa nguvu za mapaja yao badala ya kukalia viti vya umeme vya kupandishia watu kama watu wenye akili timamu. Tamsin alikuwa ametumikia adhabu hiyo mwaka mzima. Oktoba iliyopita alisimama juu ya korongo moja ubavuni mwa mlima Twynam, akachungulia, akaona theluji inakatika mbele ya ncha za skii zake kama ukingo wa meza, akasema tumbo linamuuma. Akazunguka na mgongo wa mlima, akashuka pole pole kama bibi harusi. Kuanzia siku hiyo korongo likaitwa Tumbo la Tamsin.

Mwanzoni alicheka na wenzake. Lakini yeye ni mwoka mikate, duka lake linafunguliwa kabla ya maduka yote, na kila mtu wa skii hupita pale kununua pai za nyama. Asubuhi baada ya asubuhi akawa anasikia: "Tamsin, jana tulikuwa Tumboni kwako, tamu sana!" Binti yake alilitaja kwenye insha ya shule. Wale waokoaji wa kujitolea wakaanza kulitumia redioni bila hata kucheka, na hilo la kutocheka ndilo lililomkata maini. Na sasa klabu yao ya skii ilikuwa inachora ramani mpya ukutani. Mchoraji alikuwa mzee asiyejua utani, na alishasema majina atayapaka rangi wikendi ndefu ya sikukuu ikiisha tu. Likishapakwa rangi, basi. Tamsin angebaki tumbo mpaka kwa vilembwe wake.

Ndiyo maana Jumapili ile ya wikendi ndefu iliwakuta watatu kambini, kando ya kijito, chini ya mlima uleule: Tamsin mwenyewe, Kieran mume wa dada yake, na Ngaire, muuguzi aliyehamia kutoka New Zealand zamani sana lakini mpaka leo wanamuuliza kondoo wake hawajambo, kana kwamba kila mtu wa kule ni mchungaji.

"Shemeji, tumbo limeamkaje?" Kieran aliuliza kabla hata hajatoa kichwa hemani.

"Limeamka na njaa. Hicho kichwa chako kimeamkaje?"

"Muulize Ngaire, ndiye aliyekuwa anamimina."

"Mimi nilimimina mara moja tu," Ngaire akasema, akiwa ameinamia jiko. "Zilizofuata ulimimina mwenyewe ukiimba."

Jua lilikuwa bado halijavuka mgongo wa mlima, na theluji ililia kama kokoto chini ya viatu. Walikunywa chai upesi upesi wakicheka hovyo, maana wote watatu walikuwa na kile kichaa cha mtu anayejua leo itakuwa siku nzuri. Theluji ya majira ya kuchipua ina saa yake. Usiku huganda ikawa kama kioo. Jua likiipiga asubuhi, juu yake hulainika ikawa punje punje kama chumvi ya mawe, na kwa muda mfupi hakuna kitu kitamu kama kuteleza juu ya zile punje. Ukiwahi mno unang'oa meno. Ukichelewa unakuta uji, na uji kwenye mteremko mkali unaweza kuporomoka pamoja na wewe.

Sasa sikiliza upuuzi walioufanya. Kieran na Tamsin walinunua skii zao siku moja, kwenye duka lililokuwa linauza vitu vyake vya kukodisha: rangi moja, urefu mmoja, mikwaruzo karibu ileile. Kieran ni mfupi, skii za kike zinamtosha bila aibu, ila Mungu alimpa nyayo za mtu wa futi saba. Tofauti ya skii zake na za shemeji yake ilikuwa moja tu: kifungio cha kisigino. Cha Tamsin kilikuwa karibu na ncha ya kiatu, cha Kieran kilikuwa nyuma huko. Na usiku, kwa kuwa ilikuwa na upepo, walizichomeka skii zao zote nne kwenye theluji kushikilia kamba za hema, kila pembe moja. Ndivyo wanavyofanya wote kule, hakuna anayebeba vigingi. Asubuhi kila mtu aling'oa mbili zilizokuwa karibu naye, akabandika chini yake zile ngozi zinazozuia kurudi nyuma, akachomeka kidole cha kiatu, akaondoka.

Katika kupanda, kisigino hakifungwi. Kinainuka na kushuka huru kama cha mtu anayetembea. Kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu.

"Huu mguu wa kushoto una nini leo?" Kieran alilalamika njiani. "Kulia natembea, kushoto napanda ngazi."

"Ni bia," Ngaire akamwambia.

"Bia haichagui mguu!"

"Ya kwako inachagua."

Tamsin hakucheka nao. Alikuwa anatazama juu. Mikalitusi ya mwisho, ile iliyopinda kwa upepo, ilibaki chini yao, na korongo likajitokeza, jeupe, limebanwa na miamba miwili, likiwa na ile kona katikati. Moyo ukaanza kumdunda. Alikasirika nao.

Mdomoni mwa korongo wakagawana kazi. Sheria inataka shahidi juu na shahidi chini. Kieran akabaki chini na jiko, redio ya mkononi na pai tatu alizooka Tamsin. Wanawake wawili wakaufuata mgongo wa mlima, wakapanda zigizaga mpaka juu.

Huko juu upepo ulikuwa umelala. Milima ilikuwa myeupe mpaka macho yanachoka. Tamsin aligonga theluji kwa fimbo yake, ikatoa sauti ile nzito, ya kuiva. Jua lilikuwa limeshaupiga ukuta wa kushoto wa korongo vizuri kabisa. Ule wa kulia ulikuwa bado kivulini.

"Imeiva?" Ngaire akauliza.

"Imeiva."

"Na wewe?"

"Usiniulize mimi, niulize baadaye."

Akabandua ngozi, akazikunja, akazitia kifuani. Akafunga kisigino cha kulia: ta! Akakanyaga cha kushoto. Kimya. Akakanyaga tena. Akainama kutazama, akakuta kati ya kisigino chake na kifungio kuna nafasi ya kutosha kulaza pai.

Akachomoa redio ya pili begini.

"Kieran. Hebu tazama skii zako."

"Zinapendeza. Kwa nini?"

"Funga kisigino cha kushoto."

Redioni kikaja kishindo, halafu sauti ya mtu anayekosa pumzi, na Tamsin akaelewa kwamba shemeji yake ameanguka kwenye theluji anacheka.

"Jamani! Jamani! Ndiyo maana nilikuwa napanda ngazi! Shem, mbavu sina!"

"Cheka ukimaliza uniambie nifanye nini!"

"Rudi tu kwa mgongo wa mlima, shem. Utalishuka mwakani."

"Ramani inapakwa rangi wiki hii."

"Ninajua," Kieran akasema kwa huruma ya uongo kabisa. "Nimeshamwambia mzee aache nafasi. Jina refu lile."

Ngaire akamnyang'anya redio. "Kieran, unaweza kuileta hiyo skii juu?"

"Kwa haya mapaja? Nitafika theluji imekuwa supu."

Hilo lilikuwa kweli, wote walijua. Tamsin akakaa juu ya begi lake. Kichekesho kikubwa, alijisemea mwenyewe, ni kwamba sasa alikuwa na sababu. Safari hii hakuna haja ya kusingizia tumbo. Angeweza kurudi kwa heshima zake zote, skii yenyewe ni shahidi. Na alipolifikiria hilo la kurudi, akatarajia roho itulie. Haikutulia. Ilimuuma. Akashangaa, kwa sababu hapo ndipo alipojua kwamba anataka kushuka. Si kwamba inambidi. Anataka.

"Ngaire," akasema, "mama yangu hakuwahi kufunga kisigino maisha yake yote."

"Mama yako alikuwa anateleza mtindo wa zamani, wa kupiga goti. Kwa miguu yote miwili."

"Alinifundisha."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Goti ni goti."

Ngaire alimtazama kiuguzi, kuanzia machoni mpaka viatuni, kama anayemkadiria kitanda cha wodini. Akaitazama theluji. Laini juu, ngumu chini, chini kabisa uwanja mpana usio na mwamba. "Kona za kushoto utapiga goti," akasema taratibu. "Za kulia utafanyaje?"

"Za kulia nitamwomba Mungu."

"Nenda basi, kabla sijapata akili."

Tamsin akapiga moyo konde, akasogea ukingoni. Ncha za skii zikaning'inia hewani. Palepale. Meza ileile, hofu ileile imekaa kwenye kiti chake inamsubiri. Akaipita bila kuiamkia.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Goti likashuka, kisigino kikainuka, na zile punje zikafunguka chini yake kwa sauti ya hariri inayochanwa. Lo! Akaruka ya kulia kwa mguu mmoja, mikono juu, akatua vibaya, akasimama. Kushoto tena, goti, utamu. Kulia tena, mruko wa kuku anayefukuzwa jikoni. Alisikia mtu anapiga kelele korongoni, akafikiri ni Ngaire, kumbe ni yeye mwenyewe, anacheka kwa sauti yote aliyopewa. Hata hakuwa na nafasi ya kuogopa, alikuwa na shughuli mno. Kushoto dada wa heshima, kulia mlevi, kushoto dada, kulia mlevi, mpaka akaifikia ile kona ya katikati, ambayo ni ya kulia.

Akaruka. Skii ya kushoto ikabaki nyuma kidogo na mawazo yake. Tamsin akaketi.

Akateleza kwa makalio, skii mbili mbele yake zimeinuka kama masikio ya sungura, theluji ikimwingia kwa kila mlango wa nguo, huku anacheka na kutema. Akaipita kona yote hivyo. Mteremko ulipolegea akajisukuma kwa fimbo, akasimama, akapiga kona nne za mwisho akiwa mweupe mwili mzima, akaja kusimama mbele ya jiko la Kieran na kumrushia theluji kwenye pai.

Kieran alikuwa anatokwa machozi kwa kucheka. Alimkumbatia shemeji yake, wakaanguka wote wawili, na Ngaire aliposhuka akawakuta bado wapo chini wanapigana ngumi za furaha.

Kisha kesi ikaanza, maana watu hawa bila kesi hawali.

"Nasema haihesabiki," Kieran alisema, mdomo umejaa pai. "Sheria ni kushuka kwa skii. Makalio si skii."

"Skii zilikuwa miguuni muda wote," Ngaire akajibu. "Hakuzivua hata mara moja. Makalio yalikuwa mzigo tu, na mzigo unaruhusiwa."

"Mzigo unabebwa mgongoni!"

"Ulipo mzigo ni siri ya mwenye mzigo. Wewe unabeba wa kwako tumboni, na hakuna aliyekuuliza."

"Basi tukate nusu. Nusu ya juu ifutwe, nusu ya chini ibaki."

"Uandike nini sasa ukutani? Tu la Tam?"

Walibishana mpaka sosi ikaisha. Kieran alitaka apigiwe simu mzee wa ramani atoe hukumu. Ngaire alisema mzee hana sauti kwa kuwa hajui kucheka. Wakageuka kumuuliza mshtakiwa anasemaje, wakakuta hayupo alipokuwa amekaa.

Tamsin alikuwa kando, ameinama. Alishaitwaa skii yake mwenyewe iliyokuwa kwa Kieran, akamwachia Kieran ya kwake. Alizifuta zile ngozi kwa kiganja, akazibandika moja baada ya nyingine, akichungulia ule ukuta wa kulia wa korongo. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaufikia.

"Unakwenda wapi, shem?"

"Juu."

"Kesi yako haijaisha!"

"Endeleeni nayo."

"Sasa mzee nimwambie aandike nini?"

"Mwambie aandike anachotaka." Akachomeka kidole cha kulia, akachomeka cha kushoto. "Ila ile kona ya katikati aichore vizuri. Ile kona asiikosee."

Kieran akasimama, pai mkononi, vifungo vya kiatu vinaning'inia. "Tamsin! Tungoje basi!"

Hakungoja. Ukuta wa kulia utaiva sasa hivi, na hautaiva mara mbili.