Tope la Ukanda wa Ndani

Baba yangu amezikwa mahali ambapo mimi hulipwa kumzuia mama asifike. Mimi ni askari wa hifadhi huku milimani Sichuan. Katika ukanda wa nje wanakijiji huchimba machipukizi ya mianzi. Katika ukanda wa kati huweka mizinga ya nyuki kwa kibali. Ukanda wa ndani ni wa panda, na sisi wa doria.

Kosa ni letu wenyewe. Wapimaji wa mipaka ya hifadhi walipokuja, miaka kumi na miwili iliyopita, kila nyumba ilikuwa na kijishamba cha mizizi ya dawa kilichofichwa chini ya miti ya Mteremko wa Kaskazini. Tuliogopa faini. Walipouliza nani anautumia mteremko ule, watu wakatazama chini, na mama, mwenye mdomo kuliko wote, akajibu kwamba kule hakuna kitu wala mtu. Baba alikuwa na miaka mitatu kaburini kule kule. Mteremko wote ukatiwa ukanda wa ndani. Majuto ni mjukuu, na wetu ameshaota ndevu.

Mwaka huu kifua kilimbana mama, akajua hataiona Qingming nyingine, siku ya kufagia makaburi. Aliniomba nimpitishe siku hiyo akafagie kaburi la mumewe, mara moja tu. Nikamwambia njia zote zina kamera. Akasema basi afadhali angezaa panda, angalau angeingia.

Nilikwenda kumwombea kwa mkuu wangu, Bwana Pu. Hakunifokea. Alifungua jalada, akanionyesha maelezo ambayo kijiji kiliwapa wapimaji, na chini yake alama ya dole gumba la mama.

Siku yenyewe nilipangiwa doria huko. Mianzi ilikuwa imelimeza kaburi, jiwe limeanguka. Sheria inakataza kung'oa hata jani. Nilipiga magoti kwenye tope nikalia, na nikawachukia panda wote duniani.

Mama alinisubiri mlangoni.

"Umemfikia, Dengke?"

"Nimemfikia, Mama."

Alinikalisha, akanivua buti, akakwangua tope kwa kisu cha jikoni mpaka likafika nusu bakuli.

"Na hili nalo limekatazwa?"

Alisimika vijiti vitatu vya ubani kwenye lile tope, akaviwasha, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Baba Dengke," alisema, "nisamehe. Niliwaambia hupo."