Ghorofa ya Nne: Lewa

Kiwanda cha bia cha Changamwe kilijengwa kwa mawe ya Mwakirunge na kwa akili za mtu ambaye hakuwahi kufika Changamwe. Mchoro wake ulitoka Ulaya, umekunjwa vizuri ndani ya bomba la bati, nao ulikuwa mchoro wa kiwanda cha mji wenye theluji. Hakuna aliyeona haja ya kuubadilisha. Kama jua la Changamwe halikuafikiana na mchoro, kosa lilikuwa la jua.

Na jengo lilipendeza, usiseme. Lilikuwa na ghorofa nne, na hekima yake ilikuwa kwamba bia ishuke yenyewe, bila kubebwa. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, kilivutwa kwa winchi hadi ghorofa ya tatu kikasagwa. Kilishuka ya pili kuchemshwa katika birika la shaba ambalo watu wanane wangeweza kuoga ndani yake. Togwa lililotoka humo likasukumwa kwa pampu hadi ghorofa ya nne ili lipoe, kisha likashuka ya kwanza kutiwa hamira na kuumuka, na mwisho likafika chini kabisa kwenye mapipa, limekuwa bia. Walioipika walikuwa Waafrika. Walioinywa hawakuwa, kwa sababu mwaka ule wa 1946 sheria haikumruhusu Mwafrika kunywa bia ya kizungu. Iliogopwa kwamba ingemharibu. Kuipika, kuiviringisha na kusugua birika lake hakukumharibu mtu.

Ghorofa ya nne ndiyo iliyokuwa fahari ya mchoro. Palikuwa na sinia la shaba lililoenea chumba kizima, lisilo na kifuniko, na pande zote nne madirisha ya mbao zilizopangwa kwa mshazari, ili upepo wa baridi uingie na kupooza togwa. Upepo wa baridi ulisubiriwa tangu siku ya ufunguzi. Badala yake liliingia vumbi, na kwa upande wa reli yaliingia masizi, maana gari la moshi lilipopanda mlima kutoka Kilindini lilipumua moja kwa moja ndani ya sinia.

Hapo ndipo alipowekwa Lewa.

Lewa wa Kitsao alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mtu mpole wa miaka thelathini hivi, na kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga madirisha. Mchoro haukuwa na mtu kama huyo, wala hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe kuyajua magari ya moshi kwa mlio. Lenye mzigo mzito lilikohoa tangu mbali, naye alipolisikia alifunga madirisha sita ya upande wa reli, akafungua ya upande wa pili, akasimama kando ya sinia kama mtu anayelinda mtoto mwenye homa. Kwa miezi saba haikuanguka hata chembe moja ya masizi. Tena alikuwa hanywi. Hata harufu ya tembo la mnazi ilimpa maumivu ya kichwa. Katika kiwanda kizima hapakuwa na mtu mkavu kuliko yeye.

Jina alilirithi kwa babu yake, baba wa baba, kama ilivyo desturi ya kwao. Kaloleni hakuna aliyecheka. Lewa lilikuwa jina la mtu, kama Karisa au Fondo.

Karani wa kiwanda aliitwa Mwinyihaji, mwana wa watu wa Likoni. Hakuwahi kuigusa bia hata kwa kidole, na kila alipotoka kazini alioga kabla ya kusali. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi cha kumfanya mtu asome tangazo mara mbili. Kila asubuhi aliandika kwa chaki ubao wa zamu mlangoni: Chini: Fondo. Ghorofa ya kwanza: Karisa. Na kadhalika mpaka juu, Ghorofa ya nne: Lewa. Jioni aliandika taarifa: "Lewa kazini tangu asubuhi." Taarifa hizo zilipelekwa kwa meneja, Bwana Haskin, aliyeziweka juu ya kabati bila kuzisoma, na amani ikatawala.

Kisha Bwana Haskin akafaulu mtihani wa Kiswahili.

Alikuwa amesoma miezi mitano, naye alitaka sana kuitumia elimu yake. Alianza na kabati. Jumatatu: Lewa kazini tangu asubuhi. Jumanne: Lewa kazini. Alhamisi: Lewa kazini, hakutoka hata kula. Miezi saba. Akashuka mlangoni, akakuta ubao unawaamuru watu waziwazi kwenda kulewa ghorofa ya nne. Kanuni ya kwanza ya kiwanda ilikuwa kwamba mlevi hufukuzwa siku hiyohiyo. Akaagiza mtu wa ghorofa ya nne aletwe.

"Jina lako?"

"Lewa, bwana."

"Sikuuliza hali yako. Nimeuliza jina."

"Ndilo hilo, bwana. Lewa."

"Kwa hiyo umelewa?"

"Mimi ndiye Lewa."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, bwana."

Bwana Haskin akaliandika jibu hilo.

Ilibidi Mwinyihaji aitwe kueleza. Alieleza kwa adabu na kwa urefu, huku meneja akizidi kuwa mwekundu. Alipoelewa, lingekuwa jambo jepesi kucheka na kumrudisha mtu kazini. Lakini Bwana Haskin alikuwa amefaulu kwa daraja la kwanza, na aliyefaulu hivyo hawezi kukosea kwa neno moja. Basi aliyekosea ni jina. Isitoshe, Jumatatu wakurugenzi walikuwa wanakuja kutoka Nairobi na wake zao. Hawangekaribishwa na ubao wa namna ile. Akatoa amri: hadi Jumamosi Lewa awe amechagua jina jingine, la sivyo aondoke kazini na katika chumba chake cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi ng'ambo ya uwanja.

Nje, Mwinyihaji hakuweza kumtazama Lewa usoni.

"Mimi ndimi niliyekuponza, ndugu yangu," alisema. "Lakini nisikize. Wallahi nitabadili herufi mbili tu. Nitaandika Lawi. Ni jina la kitabuni, na wewe utabaki wewe."

"Nikiitwa Lawi, ataitika nani?"

Hata hivyo alilichukua lile Lawi akaenda nalo nyumbani, kwa kuwa mkewe Mbeyu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkunga aliyemwamini alikaa chumba cha pili, na Kaloleni kulikuwa mbali kwa mwanamke wa hali ile. Lewa alimweleza yote. Alimwambia kwamba ni neno tu, la saa za kazi, kama kaptura ya kazi. Mbeyu alimsikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Na huyu akiwa mwanamume," aliuliza, "tutamwita Kitsao wa nani?"

Jumamosi Lewa alirudisha kaptura. Alipewa mpaka Jumatatu adhuhuri ahame.

Jumatatu wakurugenzi walifika, na kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Ghorofa ya nne palisimama Jefwa, aliyewekwa mahali pa Lewa, na karatasi ya saa ambazo magari ya moshi yangepita, iliyonakiliwa na meneja mwenyewe kutoka kwenye ratiba ya reli. Gari la kwanza lilipaswa kupita saa nne na robo. Lilipita saa nne kasorobo, wake za wakurugenzi wakiwa wameinama juu ya sinia wakisifu rangi ya togwa. Jefwa aliitazama karatasi. Kwa mujibu wa karatasi hapakuwa na gari. Akayaacha madirisha wazi.

Moshi uliingia wote. Masizi yakatua juu ya togwa, juu ya kofia moja yenye maua na juu ya Bwana Haskin, naye akakumbuka kwamba gari la pili lilikuwa nyuma ya la kwanza. Akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti juu ya uwanja mzima:

"Lewa! Lewa! Upesi!"

Chini, Fondo na wenzake wanne walikuwa wanaviringisha mapipa. Wakasimama.

"Mmemsikia?" Fondo akauliza.

"Anatuambia sisi?"

"Hakutaja mtu. Na amesema upesi."

Walikuwa watu watiifu. Wakazibua pipa.

Lewa alikuwa mlangoni pa landhi, ng'ambo ya uwanja, akifunga mkeka kwa kamba. Alisikia. Mbeyu alikuwa ameketi juu ya mzigo. Lewa akauvuka uwanja polepole, akasimama chini ya dirisha.

"Bwana anamwita nani?"

"Wewe! Lewa!"

"Lewa wa nani, bwana?"

Mlio wa gari la pili ulisikika mlimani, likikohoa kwa mzigo wake. Bwana Haskin akatazama nyuma, walipokuwa wakurugenzi, kisha chini.

"Lewa wa Kitsao," alisema.

Lewa akapanda ngazi, na madirisha sita yakafungwa kwa wakati.

Chumba alirudishiwa, na jina likarudi ubaoni, safari hii pamoja na la baba yake. Fondo na wenzake hawakuadhibiwa, kwa kuwa amri waliyoitii ilisikiwa na wakurugenzi wawili. Lakini kanuni ya kwanza haikuweza kuachwa ilivyo, basi Mwinyihaji akapewa tangazo aliandike kwa mwandiko wake mzuri: tangu siku hiyo, ndani ya kiwanda hicho hakuna mtu atakayesemwa amelewa. Atakayezidiwa na kinywaji atasemwa amechangamka, na atafukuzwa kwa kosa la kuchangamka.

Lewa alilisoma mara mbili.

"Bwana karani, hakuna mtu anayeitwa Changamka?"

"Simjui," Mwinyihaji akasema, akifuta chaki vidoleni. "Lakini kesho wanaandika watu wapya."