Barua ya Siri Mbugangari

Barua ilitoka mahakama ya kimataifa, ikapita wizarani na wilayani, ikamfikia Illuminée, mkuu wa mtaa Mbugangari: amtafute Vénuste, fundi baiskeli, akamatwe, na iwe siri kubwa. Lakini Illuminée hakuwa mtu wa kukalia barua ya serikali. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima ulipomaliza kuzibua mitaro, aliwakusanya watu akawasomea, kama anavyowasomea barua zote.

"Kila mutu asaini kama amesikia hii siri!" alifoka.

Vénuste aliweka jembe chini, akasaini wa kwanza. "Mama, huyo mutu tumutafute vizuri," alisema kwa heshima. "Mi namujua sana." Watu wakaona ana hoja, wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya msako.

Umuganda wa mwezi uliofuata, mwenyekiti hakuonekana. Illuminée alikasirika sana. Akakaa chini, akaiandikia mahakama: "Sisi tumeshirikiana nanyi kikamilifu, saini za watu wote hizi hapa. Sasa nanyi mtusaidie. Kuna mtu anaitwa Vénuste, ametoroka umuganda."