Mlango Uliovimba Kichwani

Hapa Kanuma hakuna mtu anayekata majani ya mbao kunishinda mimi. Waliokuwa wakinishinda wamekufa wote, na yule mmoja aliyebaki haoni vizuri, kwa hiyo cheo hiki nimekipata kwa kuchelewa kufa. Lakini ni changu.

Jina langu Kane. Kazi ya nyumba yetu ni kumiko, kuunga fito nyembamba za mbao mpaka ziwe kimia, bila msumari na bila gundi, kila kipande kikimkaba mwenzake. Mwanamume huchonga fito na kuziunga. Halafu katika kila tundu linalobaki mtu huingiza majani, vibao vyembamba kama kucha vyenye ncha za mshazari, na ua likatokea. Mtu huyo ni mimi. Nilianza nilipoolewa na Isokichi, nikaendelea alipokufa, na mwanangu Tokuji alipohamia kwenye mto wa kukalia wa baba yake, mimi nilibaki kwenye mto wangu uleule, mbele ya kibao kilekile cha kukatia.

Chumba cha kazi kina dirisha moja, nalo lilipigiliwa mbao tangu enzi za baba mkwe, kwa sababu upepo unakunja fito. Jiko la makaa haliruhusiwi kuingia hata theluji ikifika magotini, kwa sababu moto unakausha fito. Mlango haukai wazi. Kucheka kwa nguvu ni mwiko, maana majani yanaruka. Kuhusu kupiga chafya sisemi. Mimi nina mzio wa vumbi la mwerezi, nimeishi miaka yangu yote humo nikiwa nimeibana pua kama mtu anayepita kwenye choo cha jirani.

Dada yangu Suwa ana duka dogo la maandazi ya mvuke kule Nasu, kwenye chemchemi za maji ya moto. Alipofiwa na mumewe aliniita nikakae naye. Chumba kina dirisha, aliniambia, na dirisha linafunguka. Kila alipoita, Tokuji alikuwa na oda.

"Subiri kwanza, Mama. Hii ya hekalu ikiisha, nitakupeleka mwenyewe."

Ya hekalu ikaisha, ikaja ya daktari. Ya daktari ikaisha, ikaja ya mwalimu mkuu, ambaye alitaka korongo wanaoruka juu ya mawimbi, wakati yeye mwenyewe akipanda baiskeli huanguka. Mwaka huu ikaja ya nyumba ya wageni, kimia cha kuwekwa nyuma ya maharusi.

"Hii ni ya mwisho," Tokuji alisema.

"Ulisema hivyo kwa hekalu."

"Mama, maharusi wataketi mbele yake. Watu watapiga picha. Unataka maua yawe na mapengo?"

"Maharusi hawaangalii mbao, mwanangu. Wangekuwa wanaangalia mbao, wewe usingezaliwa."

Hakucheka. Hachekagi, amerithi kwa baba mkwe wangu.

Kumbe Suwa naye alikuwa amechoka kusubiri. Alituma neno kwa Bwana Numao, ambaye gari lake la magurudumu matatu hupeleka mapipa ya miso, ile rojo ya soya, huko juu Nasu. Akasema: binamu ya marehemu mume wangu amefunga mizigo, anataka kile chumba. Kane asipofika na gari hili, nampa huyo. Simlaumu. Mtu haweki chumba kitupu kwa ajili ya ahadi za Tokuji.

Nikamwambia Tokuji mbele ya mkewe, wakati wa supu, ili asiseme hakusikia. Naondoka na Numao. Alitafuna, akameza, akasema, "Sawa, Mama." Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Siku ya safari mvua ya majira ya plamu ilikuwa inamwagika, ile mvua yetu isiyo na haraka, inayokaa kama mgeni aliyekuja na godoro. Nilikuwa nimefunga kifurushi changu. Nikaingia chumba cha kazi kuchukua kisu changu kidogo. Tokuji akapita nje kwenye ukumbi akasema, "Nafunga, Mama, unyevu unaingia," akausukuma mlango. Nilimsikia anahangaika kidogo huko nje, kama mtu anayetafuta kitu rafuni. Sikujali. Nilikuwa nimeinama natafuta kisu.

Nilipokipata nikataka kutoka, mlango ulikataa.

Ule ni mlango wa kusukuma pembeni, kama milango yetu yote. Nusu ya chini ni ubao mtupu, nusu ya juu ni kimia cha maua ya ufuta, na karatasi yake huwa tumeshaibandua kabla ya mvua ili hewa ipite. Niliuvuta. Nikauvuta tena kwa mikono miwili. Nikajaribu kuunyanyua ili niutoe kwenye mfereji wake, kama tunavyofanya siku za usafi, haukunyanyuka.

"Tokuji."

Alikuja haraka sana kwa mtu aliyekuwa mbali. Nikamwona kwa vipandevipande kupitia kwenye maua, pua hapa, sikio pale.

"Umekwama, Mama? Ni mvua. Mbao zimevimba."

"Basi vuta."

Akavuta. Alikunja uso, akatoa mlio wa tumboni. "Haiwezekani. Tukilazimisha tutavunja kimia cha Baba. Wewe tulia tu, jua likitoka utafunguka."

"Jua litatoka lini?"

"Wanasema wiki ijayo."

Kisha akaongeza, kwa sauti laini kama ya kuuza dawa, "Kwa kuwa uko humo, ile fremu ya maharusi iko hapo pembeni. Usikae bure."

Nikaketi. Nataka kusema nilikasirika, ila kwanza niliogopa. Zile kuta nilizijua mpaka nyufa zake, na sikuwa nimewahi kuziona zikiwa karibu vile. Niliwaza binamu ya mume wa Suwa, mwanamke ambaye hata simjui, akifungua dirisha langu na kutandika godoro lake. Mkono wangu ulikuwa umeshachukua kibao na kuanza kukata majani. Mkono una mazoea yake, haukuuliza. Nilipoona nimeshakata rundo, nikautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Haruyo, mke wa Tokuji, akaja na chakula. Ni mwanamke mwema, mfupi, ambaye kila kitu cha nyumba hii kimewekwa juu kidogo ya mkono wake.

"Mama, masikini. Nimekuletea tonge la wali."

"Litapita wapi, mkwe wangu?"

Tulilitazama lile tonge, mimi upande huu na yeye upande ule. Akaanza kulifinyanga. Akalifanya refu na jembamba kama mshumaa wa mizimu, akapandisha mikono, akalipenyeza kwenye tundu la ua. Nililila kuanzia ncha upande wangu, yeye akisukuma. Plamu ya chumvi iliyokuwa katikati ilikataa kupita, akaila yeye. Vipande vya figili viliingia vizuri, kimoja kimoja, kama barua.

"Jaribu na wewe kuvuta," nikamwambia.

Akavuta. Ni mwaminifu, alivuta mpaka ukosi ukamtoka mahali pake. Na hapo nikasikia.

Mlango ulikuwa unagonga. Chini, kwenye kizingiti, kila alipovuta: ko, ko, ko.

Sikilizeni, nimekaa na mbao tangu nikiwa na meno yangu yote. Mlango uliovimba hushika miguuni kwanza, kwa sababu kizingiti kiko karibu na ardhi nacho ndicho kinachokunywa maji. Na ukivimba haugongi. Unakuwa bubu, umebanwa, hauna nafasi ya kutoa sauti. Huu ulikuwa unacheza miguu kama mtu aliyelewa, na kichwa kimeshikwa. Katika maisha yangu sijaona mbao inayovimba kichwani tu. Binadamu nimewaona.

"Basi, Haruyo," nikasema. "Nenda kaangalie supu."

Alipoondoka nikasogeza sanduku la patasi mpaka mlangoni, nikapanda. Juu ya kimia, upande wa nje, ndiko ulipo mfereji unaoshika kichwa cha mlango. Jicho halifiki huko. Mkono ungefika, kama ungepata pa kutokea.

Ua la juu kabisa, pembeni kushoto, ni kubwa. Isokichi alipenda maua makubwa alipokuwa kijana, kabla wateja hawajamfundisha kupenda madogo. Fito zake alizichonga yeye mwaka ule nilipoolewa, na majani ni ya kwanza kabisa niliyokata katika nyumba hii. Mama mkwe aliyatazama akasema yanafanana na meno ya farasi. Isokichi aliyaweka juu kabisa, mahali ambapo mama yake, ambaye naye alikuwa mfupi, asingeyaona vizuri. Hatukuwa tunaongea sana, mimi na Isokichi. Aliongea kwa namna hiyo.

Kila ua lina jani moja linaloingia mwisho na kuyafunga mengine. Ukilitazama linafanana na wenzake. Aliyeliingiza ndiye anayejua ni lipi. Nililijua. Nikaliwekea mpini wa kisu na sikusukuma. Nilisimama pale juu ya sanduku, mvua inanyesha, na kama mtu angenipa kwa wakati ule sababu yoyote ya kutosukuma ningeipokea. Halikuwahi kutolewa. Nilipolilowesha ncha kwa ulimi nikalibana mahali pake, nilikuwa msichana.

Nikasikia kwa mbali honi ya Numao kwenye daraja.

Nikasukuma. Jani lilitoa mlio mdogo, kisha likaja, na lote likanimwagikia kiganjani, ua zima, likiwa jepesi kama mabawa ya panzi. Niliyatia majani mdomoni. Ndivyo tunavyofanya kazini, mdomo ndiyo mfuko wetu. Nikapitisha mkono kwenye tundu. Mkono wangu umekonda vizuri. Nikapapasa mfereji, vumbi, vumbi, mzoga wa nondo, halafu kitu kigumu.

Kabari. Niliing'oa kwa kuichezesha kushoto kulia, nikaivuta ndani. Ilikuwa ya mti wa hinoki, bado inanukia, mti ulioletwa kwa ajili ya fremu ya maharusi. Na alikuwa ameipiga randa. Kabari ya kumfungia mama yake, ameipiga randa pande zote mpaka ikang'aa. Nilimlea vizuri yule mtoto.

Ningeweza kutoka hapohapo. Mwenye elimu angetoka. Mimi niliishia shule ya msingi. Nikifungua kimyakimya, nilijiambia, atasema mvua ilipungua, mbao zikalegea, na mama yake akatoroka kama paka. Na mwakani ataniita nirudi, na mimi mjinga nitarudi. Nikaiweka kabari kwenye mkono wa kimono, nikaketi kwenye mto wangu, kifurushi mapajani, majani mdomoni, nikasubiri.

Honi ikalia nje, kwenye mlango wa barabarani. Nikasikia sauti nene ya Numao ukumbini, na viatu vyake vya mbao anavivua.

"Yuko wapi bibi harusi wangu? Mapipa yanalowa."

"Leo hasafiri, Bwana Numao," Tokuji akasema. "Pole kwa usumbufu. Mlango umevimba, amekwama ndani. Hii mvua."

"Amekwama? Tuunyanyue basi."

"Haunyanyuki. Nimejaribu tangu asubuhi. Mikono yangu hii, tazama, imechubuka."

"Mbona siioni ilipochubuka?"

"Imechubuka kwa ndani."

"Mama Kane," Numao akaita, "uko salama?"

"Mm," nikajibu. Mdomo ulikuwa umejaa ua.

"Anaongea kwa shida," Numao akasema. "Njoo tushike wote wawili, Tokuji. Mimi nabeba mapipa kila siku, huu mlango ni nini?"

"Hapana, hapana." Nikasikia anajipanga mbele yake haraka. "Utavunja kazi ya marehemu Baba. Haya mambo yanataka mwenyewe. Ngoja nikuonyeshe ulivyokaza, ili ukamweleze mama mdogo Suwa kwamba umeona kwa macho yako."

Haruyo naye alikuwa amekuja, niliona kipande cha aproni yake kwenye ua la chini. Tokuji akakanyaga mguu mmoja kwenye nguzo. Akashika mlango kwa mikono yote miwili. Akajaza hewa kifuani, akavuta kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu aliye na uhakika kwamba hakuna kitakachotokea.

Mlango uliruka kama sungura. Tokuji alikwenda nao mpaka mwisho wa mfereji, akauachia, akapita mbele ya Haruyo akiwa ameshalala hewani, akaketi ndani ya ndoo ya kukingia maji yaliyokuwa yanavuja kutoka darini.

Nilitoa majani mdomoni, moja moja, nikayafuta kwenye leso na kuyafunga ndani yake, maana ua lile ni langu nami naenda nalo. Nikainuka na kifurushi changu. Nikatoka. Nilipofika alipoketi, nikaitoa kabari kwenye mkono wa kimono nikaishika mbele ya pua yake, ili aisikie harufu.

Haruyo aliitazama kabari, akautazama mfereji wa juu asioufikia, kisha akamtazama mumewe.

"Ulisema ni mvua," akasema.

"Ilikuwa mvua," Tokuji akajibu kutoka ndani ya ndoo. "Itakuwa imekatika sasa hivi."

Sote tukageuka kutazama nje. Ilikuwa inamwagika, mpaka gari la Numao halionekani.