Donge la Kesho

Marehemu Valentina, mama yake Domitila, alikuwa na tabia moja ambayo majirani zake wa karibu na parokia, pale Nachingwea, waliizoea mpaka wakaacha kuiona. Kila alipomaliza kukanda unga wa mkate, kabla hajakata hata kipande cha kuoka, alinyofoa donge la kujaa kiganja na kulirudisha kwenye chungu. "Hili la kesho," alisema, hata kama jikoni hakuna wa kuambiwa, na hata kama kesho yenyewe ilikuwa Jumamosi ijayo. Donge lile ndilo lililoumua unga uliofuata, na katika unga huo likanyofolewa jingine, mwaka hata mwaka. Mwanzo wake ulikuwa mashapo ya uraka, ile pombe ya mabibo, na kila msimu wa korosho Valentina aliongezea kikombe kimoja kutoka kijijini Marambo, eti chungu kisisahau kwao.

Mkate ule nani atausahau? Ganda gumu la kahawia, ndani laini, na uchachu kidogo uliobaki ulimini hata chai ikiisha. Valentina alioka Jumamosi tu, kwa ajili ya mapadre, walimu wa misheni na majirani waliowahi. Watoto walijipanga kwenye ukuta wa tanuri wakingoja mkate ulioungua upande, maana huo hauuzwi. Domitila alikuwa mmoja wao, na zipo Jumamosi alizomwomba Mungu kwa moyo wote mikate ya mama yake iungue. Sala hiyo hakuwahi kuiungama.

Valentina hakuwa mtu wa makuu. Binti yake alikuwa wa makuu, na hakuona haya. Alipobaki na tanuri, alilibomoa akajenga jingine kubwa mara tatu, akaanza kuoka kila siku, na macho yake akayapeleka Ruangwa. Mji ule ulikuwa unakua mbele ya macho yao: nyumba mpya, wageni, lami. Lakini asubuhi watu wake walikunywa chai kwa mikate iliyotoka mbali, iliyopita njia panda ya Nanganga ikiwa imeshachoka. Domitila alisimama mbele ya wanajumuiya wenzake, ndani ya sebule ya watu, akatamka kwamba kabla ya Krismasi Ruangwa nzima itakunywa chai kwa mkate wa Valentina.

"Naipingo hapo jirani hawajakujua bado, Mama Teddy," alisema mumewe, Maximilian, na sebule ikacheka. Akacheka naye. Lakini ahadi ukishaitoa mbele za watu haikuachii usingizi, na huyo huyo Maximilian aliyemtania ndiye aliyefunga kreti nyuma ya pikipiki yake ili mikate isafiri.

Mlango wa Ruangwa aliufungua Zaina, Mama Faridi. Mwanamke huyu alikuwa na mgahawa karibu na stendi, mwembamba, mwenye jicho la kumpima mtu na mzigo wake kwa pamoja. Alikata kipande, akatafuna bila haraka, akakata kingine. "Mama Teddy, mkate huu umejifunzia wapi?" aliuliza. "Kwa mama," alijibu Domitila, na Zaina akaridhika na jibu hilo, maana hata yeye supu yake alifundishwa na mama. Tangu hapo kreti ilienda imejaa na kurudi tupu. Zaina aliusifia mkate kwa wenye migahawa wenzake, nao wakaanza kuagiza. Kabla mvua za msimu hazijafika, Domitila alikwishaanza kuulizia bei ya matofali ya tanuri la pili.

Sasa hapo ndipo ulimi ulipoponza kichwa. Siku moja alipanda mwenyewe pikipiki ya mumewe kwenda kuwaona wateja wake, akiwa na kreti nyingine nyuma. Akaukuta mgahawa umejaa, kila meza ina mkate wake, na moyo ukamjaa. Mzee Saadi, mtu mzima mwenye kofia safi ya kufuma, alikuwa amechovya kipande kwenye chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe mwenye mkate huu? Aisee, una siri gani?"

Domitila angeweza kusema ni mkono tu. Lakini alikuwa amemkumbuka mama yake njia nzima, na mtu akiwa na kumbukumbu tamu huwa hachagui wa kuwagawia. Akamwaga mtama penye kuku wengi. Akasimulia chungu, akasimulia donge la kesho, akasimulia kikombe cha uraka kutoka Marambo, na mikono yake ikaonyesha jinsi mama alivyokitikisa.

Mzee Saadi alikitazama kipande kilichokuwa kinadondosha chai. Akakiweka kwenye kisosi taratibu, akafuta vidole kwa leso. Meza ya pili nao wakasukuma sahani, halafu ya tatu. Hapakuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo, maana ugomvi una pa kujibia.

Lazima tumtendee haki Domitila. Hakuwa ameficha kitu. Nachingwea kila mtu aliujua mkate ule tangu enzi za Valentina. Aliyeula aliula, na majirani Waislamu wasioula walinunua maandazi kwingine, wakasalimiana vizuri na kuzikana vizuri. Jambo linalojulikana na wote halisemwi, na kwa sababu halisemwi mtu husahau kwamba kuna mahali halijulikani.

Zaina alimvuta jikoni. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ungeniambia mimi kwanza, dada."

"Mama Faridi, naapa sikuwaza. Ni punje tu ya chachu, na moto wote ule..."

"Mimi si shehe, hukumu yake siijui. Ninachojua ni kwamba hawa wanakula kwangu bila kuuliza. Wamenikabidhi midomo yao. Leo nimewalisha kitu nisichokijua."

Domitila alirudi Nachingwea na kreti nzima. Mikate ile waligawiwa wanajumuiya, wakaila kwa furaha na kumpa pole, na pole zao zilimchoma kuliko utani wa siku ile.

Dawa ilikuwa dukani, kwenye pakiti: hamira ya kawaida. Mtoto yeyote angemwambia. Lakini kila alipoishika pakiti alimwona mama yake akiinama juu ya chungu, na alihisi kana kwamba anaambiwa amfukuze nyumbani. Alitaka Ruangwa, na alitaka mama afike naye Ruangwa. Kumbe haja yake ilikuwa ndiyo hiyo tangu mwanzo, na ndiyo iliyomfanya aseme maneno makubwa mbele za watu. Mshika mbili moja humponyoka, na sasa ilibidi achague mwenyewe ipi imponyoke.

Zaina ndiye aliyekuja. Alishuka kwenye gari la asubuhi na kikapu mkononi, akasalimu, akaomba aonyeshwe kila kitu. Alikagua unga, akakagua meza ya kukandia, akasimama mbele ya chungu bila kukigusa.

"Nimezungumza na Mzee Saadi, nimezungumza na wenzangu," alisema. "Hawana kinyongo. Ukioka kwa hamira ya duka watarudi, mimi nitasimama dhamana. Ila wataniuliza kile chungu kiko wapi."

"Nitakitenga. Nitakiweka chumba kingine."

"Mkono utakaokanda ni huo huo, Mama Teddy. Siwezi kumtazama mtu usoni nikamwambia nina hakika, na sina." Alihamishia kikapu mkono wa pili. "Sikulazimishi. Mama ni mama. Ukikataa nitakunywa maji, nitarudi zangu, na udugu utabaki."

Domitila alitoka uani. Alilitazama tanuri lake, lile kubwa alilolijenga juu ya alama za lile dogo, akakaa hapo mpaka Maximilian akaja kumwangalia na kuondoka bila kuuliza. Aliporudi ndani alikuwa amekunja mikono ya gauni.

Alikipindua chungu juu ya unga, akakikwangua mpaka chini. Alikanda kama alivyofundishwa, kwa kiganja na uzito wa bega. Unga ulipokuwa tayari, mkono wake wa kulia ulinyofoa donge na kuanza kulipeleka kwenye chungu wenyewe, bila yeye kuuagiza. Ukasimama katikati. Domitila alilitazama donge lile muda, kisha akalirudisha kwenye unga na kulikandamizia humo mpaka lisijulikane lilipo.

Mkate ulipoanza kuiva, Maximilian alienda kuziba mlango wa tanuri vizuri ili moto usipotee.

"Shemeji, nakuomba uache wazi kidogo," alisema Zaina. Alikuwa amesogea mpaka karibu na ukuta, ushungi umemteleza begani. "Kunusa si kula."

Halafu, bila kumtazama mtu, akasema kwamba siku zile za mwanzo alikuwa anaficha mmoja chini ya meza kila asubuhi, asije akauza wote yeye akabaki bila. Tangu ile siku hajapata chai inayoshuka. Domitila alicheka, na kicheko kikageuka kilio pale pale, naye hakukizuia.

Mkate ulitoka, ukakatwa. Domitila alikula kipande kimoja kwa utaratibu, pamoja na ganda lake. Zaina alivuta kigoda, akakaa mbele ya tanuri, akafumba macho na kuvuta pumzi. Alikaa hivyo hivyo mpaka ua mzima ukabaki na harufu ya majivu tu, ndipo akainuka, akajifunga ushungi, akauliza pakiti ya hamira iko wapi.